Kikundi Chetu Kiliitwa Tupendane

Jina tulilipigia kura kwa mikono, sebuleni kwa Mama Gaudensi,
Buza kwa Lulenge, siku ile mvua ilipoingia mpaka kwenye makochi.
Wengine walitaka Mshikamano, wengine Jitegemee.
Mimi ndiye niliyesema: Tupendane.
Likaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la marejesho,
chini yake majina kumi na mawili
na dole gumba la Havijawa,
kwa kuwa kalamu ilimshinda.

Kausha damu haina msiba wala sikukuu.
Jumatatu elfu kumi na nane, Jumatatu tena elfu kumi na nane;
mmoja akikwama, kumi na mmoja tunamjazia.
Karatasi ilisema hivyo. Tulisaini tukicheka.

Alikwama wiki ya tatu.
Alisema mtoto ana homa.
Tukasema, nani hana mtoto?
Alisema mume kaenda Mkuranga kuchoma mkaa, hajarudi.
Tukasema, kwani wetu wako wapi?
Mdomo ukishazoea kujibu hivyo
moyo hauulizwi tena.

Tulikwenda alfajiri, kabla hajawahi kufunga mlango.
Hatukuwa majambazi, nataka ieleweke.
Mama lishe wawili, msusi, Siwema muuza barafu,
mimi mwenye genge la nyanya,
wanawake ambao mtu akifiwa tunachangishana sukari.
Tulianza na televisheni isiyowaka.
Kisha feni.
Kisha ndoo mbili, zimejaa;
maji tukayamwaga uani, yakampita miguuni
polepole, kama yanayomwomba radhi.

Kisha godoro.
Mtoto alikuwa juu yake.

Havijawa hakulia. Alimwinua Shukuru, akamlaza begani,
akatupisha.
Nasema akatupisha,
kama unavyompisha mgeni mlangoni,
akasema: "Angalieni, upande huu umelowa."

Upande huu umelowa.
Miezi minane nalala na maneno hayo.

Mimi nilibeba sufuria. Ndani mlikuwa na uji,
haujapoa.
Nikautembeza uji wa mtoto wa mtu mtaa mzima,
nikapita kwa kinyozi, nikapita dukani kwa Mpemba,
watu wameinua simu, zikitutazama kwa niaba yao.
Kuna aliyecheka. Kuna aliyeuliza bei ya feni.
Hakuna aliyesema, "Jamani."
Neno moja tu, silabi tatu,
lingetosha sufuria iniponyoke mikononi.
Na mdomoni mwangu lilikuwemo.
Nililimeza, nikahamisha sufuria mkono wa pili
kwa sababu ilikuwa inaniunguza.

Godoro liliuzwa elfu ishirini na mbili.
Afisa mikopo akatusifu kwa nidhamu.

Husemwa, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Wembe tulikuwa tumeushika sisi.

Nilimtafuta. Mmoja alisema yuko Chanika,
mwingine akasema Vikindu, kwa dada yake,
mwingine akaniuliza, "Bado anadaiwa?"
Sufuria haikupata mnunuzi, ina kibonyo ubavuni.
Iko kwangu, juu ya kabati, imefunikwa kanga.
Sijaweza kupikia. Sijaweza kuitupa.

Jumatatu iliyopita amekwama Siwema.
Friji limekufa, barafu yote imekuwa maji ya rangi
kwenye vimfuko, nyekundu, kijani, ameileta tuione
kama mtu anayeleta cheti cha hospitali.
Mama Gaudensi akafungua daftari.
"Twende saa ngapi?" akauliza msusi.

Nikasema, "Jamani."

Basi. Hapo hapo nikakauka.
Sikuwa na hoja nyingine, wala elfu kumi na nane ya ziada,
wala sauti.
Wakanigeukia wote,
na daftari likabaki wazi pale lilipoandikwa jina letu.
Siwema alikuwa ameanza kuvaa ndala aondoke.
Akavua moja.